Matango ya achari yaliyolegea: hesabu inaanzia kwenye chupa

Swali: Shikamoo mama. Naishi Kigamboni na nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Mwezi wa pili nilipanda matango, mbegu ya Ashley, mashina manne kwenye ndoo. Yalizaa vizuri tu. Nikawa nachuma kidogo kidogo, naweka kwenye friji mpaka yatoshe, ikafika kama wiki. Kisha nikayaloweka kwenye maji ya chumvi, lita 5 kwa vijiko 3 vya chakula, nikafunika na kuacha jikoni. Siku ya sita nikakuta yamelegea na yanateleza, mengine yana uwazi katikati, na machache ni machungu hayaliki. Mimi nilitaka yale magumu yanayolia ukiyatafuna. Tatizo ni mbegu, ugonjwa au chumvi? Na nikipanda tena, nipande nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kama ile ndoo bado iko jikoni, imwage leo. Achari ikishalegea na kuteleza haiponi kwa kuongezewa chumvi wala siki, na usimwonjeshe mtu. Suuza ndoo kwa maji ya moto, ianike juani, halafu tuongee.

Ugonjwa haupo hapo. Mbegu ina lawama kidogo. Chumvi ndiyo mkosaji mkubwa, ila haikuwa peke yake. Ilisaidiwa na joto la jikoni, ukubwa wa matango na ile wiki ya friji.

Tuanze na chumvi, maana hapo hesabu iko wazi. Kijiko cha chakula cha chumvi laini kina takriban gramu 18. Vijiko 3 ni gramu 54 hivi, gawanya kwa lita 5, unapata gramu 11 kwa lita. Hiyo ni chumvi ya supu. Tango la kuchachuka lenyewe bila siki linataka gramu 60 kwa lita, na kama litakaa wiki kadhaa linataka hata 75. Sababu ni hii: kwenye ngozi ya tango wanaishi vijidudu wa kila aina. Wamo wanaotengeneza tindikali ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, na hao chumvi wanaivumilia. Wamo pia wanaokula ile gundi inayoshikilia nyama ya tango iwe ngumu, na hao chumvi nyingi huwafunga mikono. Ukitia chumvi kidogo umewafungulia mlango wote kwa pamoja, na waharibifu ndio wenye mbio.

Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa kijiko. Chumvi ya mawe ina nafasi kati ya punje, kwa hiyo kijiko chake ni chepesi kuliko cha chumvi laini. Na usihangaike kutafuta chumvi isiyo na madini joto. Hiyo ya dukani inafanya kazi, sana sana itayatia maji ukungu kidogo.

Sasa joto. Matango huchachuka vizuri chumba kikiwa na nyuzi 21 hadi 24. Ikivuka 27, hulegea hata kama chumvi umeipima sawasawa. Wewe ulipanda Februari, ukachuma mwishoni mwa Machi na Aprili, na jiko la Kigamboni miezi hiyo saa saba mchana linapita nyuzi 30 bila shida. Mapishi mengi yaliyoko mtandaoni yanatoka Ujerumani, Poland au Marekani, kwa watu wenye chumba baridi chini ya nyumba. Wanaposema acha wiki tatu au nne, kwao ni sawa. Ukanda wetu wa pwani una kitendawili chake: tango linaota kwa raha kabisa, lakini halichachuki kwa raha. Lushoto na Njombe ni kinyume. Kule Juni na Julai tango linadumaa kwa usiku wa baridi, lakini ndoo ya achari ingetulia kabisa.

Friji nayo ilikuumiza kimyakimya. Tango ni mmea wa nchi za joto, na likikaa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa linaumia kwa baridi. Utaona vishimo vidogo kwenye ngozi na mabaka kama yaliyolowa maji. Ukilitoa nje, linaoza upesi. Isitoshe, tango lililochumwa bado linapumua na kupoteza maji, na hapo ndipo uwazi wa katikati unapopata nafasi, juu ya ule uliotokana na kumwagilia kwa kubahatisha. Yenye uwazi utayajua wakati wa kuosha, kwa sababu huelea. Yatenge, yakatie kachumbari.

Kwa achari, tango litoke kwenye shina na kuingia kwenye maji yake ndani ya saa 24. Sasa angalia ulikofungwa: ulikuwa na mashina manne tu, yakikupa matango machache kwa siku, kwa hiyo ilikubidi usubiri. Kosa la friji lilianzia kwenye idadi ya ndoo. Ndiyo maana mimi huwaambia watu waipange achari kinyumenyume, waanze na chupa kisha warudi nyuma hadi kwenye mbegu.

Chupa inataka nini?

Chupa ya lita moja inajaa kwa takriban gramu 600 za matango madogo ya urefu wa sentimita 7 hadi 9. Kila moja lina uzito wa gramu 30 hadi 50, kwa hiyo tuseme matango 15. Ili upate 15 ya ukubwa mmoja asubuhi moja, unahitaji mashina 8 hadi 10 yaliyopandwa wiki moja. Manne yanatosha kachumbari ya familia, lakini kwa achari utakuwa unakusanya tu.

Kuhusu tarehe, panga mavuno yaangukie kipupwe. Ukipanda mwishoni mwa Mei au wiki ya kwanza ya Juni, masika yakiwa yanaisha, utaanza kuchuma katikati ya Julai na kuendelea hadi Agosti. Huo ndio wakati jiko la pwani linapopoa kidogo, na majani hayalowi kila siku kwa mvua. Umwagiliaji utakuwa juu yako, lakini kwa ndoo kumi huo si mzigo.

Mbegu sasa. Ashley na Marketmore, ambazo ndizo utakazozikuta kirahisi kwenye maduka ya pembejeo, ni matango ya kukata na kula mabichi. Yametengenezwa yawe marefu, na ngozi yake ni nene. Tango la achari ni fupi, urefu wake ni kama mara tatu ya unene, lina vinundu na vimiiba, ngozi yake ni laini inayopitisha chumvi, na chumba chake cha mbegu ni kidogo. Uliza mbegu za matango ya achari kwa jina. Za zamani zisizo chotara ni Boston Pickling na National Pickling, na hizo unaweza kujitunzia mbegu mwenyewe. Zote mbili zina vimiiba vyeusi, na tango la vimiiba vyeusi huwa la manjano mapema likichelewa kuchumwa, kwa hiyo hazikusamehi uvivu.

Ukinunua chotara, soma pakiti kabla ya kulipa. Ziko aina zinazotoa karibu maua majike matupu. Hizo huuzwa zikiwa zimechanganywa na mbegu chache za aina yenye maua dume, mara nyingine zimepakwa rangi tofauti. Watu huzitupa wakidhani zimeharibika. Zipande, hizo ndizo mabwana harusi. Ziko pia aina zinazozaa bila kuchavushwa kabisa, na hizo ndizo zinazofaa ndani ya kitalu nyumba au kwenye baraza isiyofikiwa na nyuki.

Ukikosa yote, rudi kwa Ashley yako bila unyonge. Ichume ikiwa na sentimita 8 hadi 10, uikate vipande vya mviringo. Haitafikia ile ya kuachari nzimanzima, lakini kwenye siki inakubali.

Kwenye ndoo

Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inabeba shina moja kwa raha, mawili kwa kubanana. Mchanga wa Kigamboni mtupu hautunzi maji, na mara nyingi una minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi ivimbe vinundu huku mmea ukinyauka mchana ilhali udongo una maji. Changanya udongo mwekundu au wa msituni sehemu mbili, samadi iliyooza kabisa sehemu moja, na pumba za mpunga au mchanga sehemu moja. Samadi mbichi itaunguza miche.

Panda mbegu mbili kila ndoo, kina cha sentimita 2, kisha baki na mche ulio imara. Kata ule mwingine kwa mkasi badala ya kuung'oa, kwa sababu tango halipendi kuguswa mizizi. Kwa joto letu mbegu inachomoza ndani ya siku 4 hadi 6. Simika mti au funga kamba ya katani hadi urefu wa mita 1.5 au zaidi, mmea upande. Tango linalining'inia linanyooka, halilali kwenye unyevu, na muhimu zaidi, unaliona. Matango ya chini ya majani ndiyo yanayojificha mpaka yanakuwa kama mkono wa mtu.

Maji mwagilia asubuhi, kwenye shina, kila siku, na wakati wa kuzaa na jua kali mara mbili. Ndoo ikauke leo ifurike kesho, hapo umejipikia tango chungu na lenye uwazi. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Na onja maji ya kisima chako kabla hujaanza. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na tango haliivumilii sana, kingo za majani huanza kukauka kama zilizounguzwa. Kama maji yako ni ya chumvi, kinga ya mvua au nunua ya dumu kwa ajili ya ndoo hizo.

Mbolea usizidishe. Wiki ya tatu weka nusu kijiko cha chai cha CAN (mbolea ya kukuzia) kwa ndoo, mbali na shina, na urudie maua yakianza. Ukizidisha utapata majani makubwa ya kupendeza na matango ya kuhesabu.

Maua ya kwanza yatadondoka, na utaniandikia kwa hofu. Usiogope. Hayo ni madume, hutangulia wiki moja au zaidi kabla ya majike. Ua jike utalijua kwa kitango kidogo kilicho nyuma yake tangu siku ya kwanza. Linafunguka siku moja tu, na siku hiyo linahitaji nyuki walitembelee mara nyingi. Likitembelewa kidogo, tango linatoka nene upande mmoja na jembamba upande mwingine. Kama nyuki hawaonekani kwako, asubuhi chuma ua dume, ng'oa petali zake, mpake jike chavua katikati. Kazi ya dakika mbili.

Kuhusu uchungu: si ugonjwa, na wala hautokani na kupanda karibu na mung'unye au boga kama utakavyoambiwa. Tango halizaliani na boga. Uchungu ni kemikali ya asili ya ukoo huu, kinga yake dhidi ya wanaolitafuna, na inaongezeka mmea ukipata shida, hasa kiu na joto. Inakaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ngozi. Ile desturi ya kukata kichwa na kukisugua mpaka povu litoke haiondoi uchungu ulio ndani ya nyama, povu lile ni utomvu tu. Kinachofanya kazi ni kuonja. Kabla ya kujaza chupa, kata kipande chembamba upande wa kikonyo cha tango moja kutoka kila shina. Shina likiwa chungu, matango yake yaweke kando yote. Achari haifichi uchungu, na tango chungu sana linaumiza tumbo.

Kwa kuwa tumefika kwenye uchungu: huko porini kuna tango dogo lenye miiba, ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Cucumis anguria. Asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, likavuka Atlantiki enzi za utumwa, na leo Brazil wanalipika kwa jina la maxixe na visiwa vya Karibi wanalitia kwenye achari. Wenzetu wa kule walibaki na aina zisizo chungu. Ya porini kwetu usiyajaribu, mengi ni machungu.

Wadudu nitawapita haraka isipokuwa mmoja, inzi wa matunda. Huchoma kitango kichanga, pale panatoka tone la utomvu, tango linajikunja upande huo, na ukilipasua unakuta funza. Faida yako ni kwamba tango la achari linachumwa siku 4 hadi 6 tu baada ya ua kuchavushwa, inzi hapati muda mrefu. Yote yaliyochomwa yachume, yafungie kwenye ndoo yenye mfuniko juani siku kadhaa, usiyatupe kwenye mboji. Vidukari na utitiri wapige kwa maji na sabuni jioni, chini ya majani. Ukiona mabaka ya manjano yenye pembe yakifuata mishipa ya jani, huo ni ubwiri vinyoya, mpenzi wa masika. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga, na huo ndio utakaokutembelea kipupwe. Ondoa majani ya chini yaliyoathirika mapema.

Dawa za dukani kwa zao hili sizipendi, kwa sababu moja ya kihesabu: unachuma kila siku, na dawa inayosema subiri siku 7 kabla ya kuvuna inakutaka utupe wiki nzima ya matango. Wengi hawatupi.

Asubuhi ya kuchuma

Matango yakianza, pita kila asubuhi bila kukosa. Tango likiachwa siku mbili za joto, la achari limeshakuwa la kachumbari, na lisipochumwa likakomaza mbegu, shina linaona kazi imekwisha na linapunguza kuzaa. Kata kwa mkasi, acha kikonyo cha nusu sentimita. Usivute, utararua shina.

Osha kwa maji baridi bila kukwangua. Kisha shika tango upande ule lilipokuwa ua, upande wa pili wa kikonyo. Utaona kovu dogo la mviringo, mara nyingine bado lina mabaki makavu ya ua. Kata kipande chembamba cha milimita 2 hapo na ukitupe. Kwenye mabaki ya ua hukaa vimeng'enya vinavyolainisha tango zima likiwa ndani ya chupa. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na nina hakika ilirukwa kwako, maana hukuitaja. Ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Baadhi ya watu huweka jani la mzabibu kwenye chupa kwa ajili ya ukali wake unaozuia vimeng'enya hivyo. Kama una ndugu Dodoma akakuletea majani yasiyopuliziwa dawa, weka moja. Lakini ukishakata hiyo ncha, jani ni pambo.

Chokaa usitumie. Utaelekezwa uloweke matango kwenye chokaa yawe magumu. Ni kweli yanakuwa magumu, lakini chokaa isiposuuzwa vizuri inaua ukali wa siki, na ukali huo ndio unaokulinda. Maji ya barafu yanatosha: loweka saa 3 au 4 kabla ya kufungasha.

Kwa wewe wa Kigamboni, njia ya kwanza iwe ya siki. Haina ugomvi na joto. Kwa chupa ya lita moja chukua siki na maji nusu kwa nusu, yaani siki mililita 250 na maji mililita 250, chumvi gramu 20, sukari kijiko kimoja au viwili ukipenda. Soma lebo ya siki: iwe na asidi asilimia 5. Zipo chupa za chini ya hapo, ziache kwa saladi. Usipunguze siki kwa sababu inakuchoma ulimi, ongeza sukari. Chemsha kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, kwa sababu zile sufuria zetu za alumini huliwa na siki na kuacha ladha ya bati. Pangilia matango wima kwenye chupa safi ya moto, tupia punje tatu za kitunguu saumu, pilipili mtama, kijiko cha chai cha haradali, shibiti kama umeipata, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa kwa mwenye kuthubutu. Mimina siki ikichemka hadi yafunikwe. Ikipoa, friji. Siku ya tatu inalika, wiki moja ndiyo inakuwa na maana, na ndani ya friji inakaa mwezi hadi miwili.

Usiweke ndimu badala ya siki kwa kukadiria. Achari ya ndimu ya pwani ni salama kwa sababu ndimu yenyewe ni kali na chumvi yake ni nyingi mno. Tango halina ukali wowote wa kwake.

Njia ya pili, ya chumvi, ndiyo uliyoitaka, na kipupwe unaweza kuijaribu kwa kuikatisha njiani. Kwa kilo moja ya matango, chemsha lita moja ya maji na gramu 60 za chumvi, yaache yapoe kabisa. Kuchemsha kunaondoa na klorini ya bomba, ambayo haipatani na vijidudu tunaowataka. Tumia chupa ya kioo au ndoo ya plastiki ya chakula. Matango yote yazame, weka kikombe kidogo cha kioo juu kama uzito. Funika bila kukaza, gesi itoke. Weka mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba, sakafuni, chupa ikiwa ndani ya beseni lenye maji na imevishwa kitambaa kilicholowa. Hushusha joto kidogo, na hapa kidogo kina thamani.

Siku ya pili utaona mapovu, kisha maji yatakuwa na ukungu mweupe. Hiyo ni dalili njema. Utando mweupe juu uenguliwe kila siku. Rangi itatoka kijani kibichi kwenda kijani cha zeituni. Kuanzia siku ya tatu kata moja uonje. Likiwa na uchachu unaokufurahisha na bado linalia, hamishia chupa nzima kwenye friji, usingoje limalize. Kufika siku ya tano pwani, hamisha hata kama ungependa liendelee. Ndani litakuwa bado na weupe katikati, na hivyo ndivyo inavyopaswa kwa achari ya nusu njia. Maliza ndani ya wiki tatu. Likinuka uozo, likiteleza, au maji yakivutika kama ute, mwaga.

Ile ya wiki tatu hadi nne, ambayo nyama yote inageuka kuwa ya kung'aa kama kioo cha mvuke, mwachie ndugu wa Lushoto. Yeye aweke gramu 75 za chumvi kwa lita na mililita 30 za siki tangu mwanzo, asipungukiwe.

Kama umeme wa kwako hautegemeki na unataka chupa zikae kabatini, hilo linawezekana kwa achari ya siki tu, kwa chupa zenye mifuniko inayoshika hewa. Jaza ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu juu, funga, zamisha chupa nzima kwenye maji yanayochemka: chupa ya nusu lita dakika 10, ya lita moja dakika 15. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Dada yako akiwa Arusha aongeze dakika 5, kwa kuwa kule juu maji huchemka yakiwa na joto dogo. Kesho yake bonyeza mfuniko katikati. Ukibonyea na kurudi, haikushika, hiyo iende friji na iliwe kwanza.